MAONI: Unayemcheka mwenzako kwa 'she go', mbona 'kitabu yangu' haikushtui?

JUZI nilipigiwa simu na jamaa niliyesoma naye shule ya upili. Siku hizi ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Mlolongo, na mkono wake si wa mchezo: akikuchomelea geti leo, wajukuu wako watakuja kulifungua. Alikuwa ameona nafasi ya kazi katika kampuni moja ya ujenzi na alitaka nimsaidie.

"Fomu zilikuwa tatu," akaniambia. "Mbili nimezijaza. Hii moja imenishinda. Wanataka nijieleze kwa Kizungu, ukurasa mzima. Niandikie wewe bana, si unajua mimi lugha ilinikataa."

Lugha ilinikataa. Tulimaliza kuongea lakini maneno hayo hayakunitoka kichwani, kwa sababu naijua siku hasa ambayo lugha hiyo ilimkataa. Nilikuwapo. Na nilicheka.

Tulikuwa kidato cha pili, Ijumaa jioni, wakati wa mjadala. Hoja ya siku ilihusu basari. Jamaa alikuwa amejiandaa wiki nzima, maana yeye mwenyewe alikuwa akirudishwa nyumbani kutafuta karo karibu kila muhula. Akasimama, akakohoa kidogo, akaanza: "The people of Kenya is tired..."

Hakumaliza. Darasa lililipuka. Mmoja akapiga dawati, mwingine akaanza kuimba "People is! People is!" na mwalimu aliyekuwa akisimamia mjadala akaficha uso nyuma ya daftari, mabega yakimtikisika. Jamaa akaketi. Kuanzia siku hiyo hadi tulipofanya mtihani wa kidato cha nne, jina lake likawa People Is. Hata uwanjani ilikuwa "People Is, pasi hapa!" Hakusimama tena katika mjadala wowote. Na hoja zake kuhusu basari hakuna aliyezisikia.

Sasa wewe unayesoma hapa, kabla hujasema kwenu mambo hayakuwa hivyo, hebu kumbuka mara ya mwisho uliposikia mtu akisema "she go" au "they was". Ulisikia alichokuwa akisema? Ama sikio lako lilikwama palepale kwenye kosa, ukageuka kumtazama mwenzako mcheke pamoja? Mimi nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Ndiyo maana naandika haya.

Herufi moja tu

Tuanze na kitu chenyewe kinachotuchekesha. Katika Kiingereza, kitenzi hupatana na mtenda kwa njia finyu ajabu. Chukua "read". Mimi, wewe, sisi, nyinyi na wao, sote tunatumia "read" hiyohiyo. Ni mtu mmoja tu anayezungumziwa, "he", "she" au "it", anayepewa -s: "reads". Basi. Ukienda wakati uliopita, hata hiyo -s inatoweka: "she went", "they went". Ukitumia "can", "must" au "will", inatoweka pia, na anayesema "she cans" atachekwa vilevile. Kitenzi kimoja tu, "be", ndicho kilichobaki na maumbo mengi kidogo: "am", "is", "are", "was", "were".

Kisha kuna mtego ambao hakuna aliyetueleza vizuri darasani. Kwenye nomino, -s ni alama ya wingi: "boys". Kwenye kitenzi, -s inaandamana na umoja: "the boy runs", lakini "the boys run". Yaani herufi ileile inafanya kazi mbili zinazokinzana katika sentensi moja. Mtoto wa darasa la nne akikosea hapo, usimlaumu. Nashangaa wanaopatia.

Na usidhani Kiingereza kilizaliwa hivyo. Takriban miaka elfu moja iliyopita vitenzi vyake vilikuwa na viishio mbalimbali, vya umoja na vya wingi. Vikapungua polepole. Hata hiyo -s yenyewe ilitoka kaskazini mwa Uingereza, ikashindana na kiishio cha -eth hadi ikakishinda. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyochapishwa 1611, bado imejaa "goeth" na "saith". Shakespeare, yule wa vitabu vya seti, aliandika "hath" mahali na "has" kwingine, na hakuna aliyempa jina la utani.

Hata "you are" ina kisa chake. Zamani "you" ilikuwa ya watu wengi. Mtu mmoja aliitwa "thou" na kitenzi chake kilikuwa "art". Watu wakaanza kumwita mtu mmoja "you" kwa heshima, na baada ya muda "thou" ikafa katika mazungumzo ya kawaida ya watu wengi. Kwa hivyo leo Mwingereza anapomwambia rafiki yake mmoja "you are late", anatumia kitenzi ambacho kwa asili ni cha wingi. Kosa la jana limekuwa sarufi ya leo, na mwalimu anakusahihisha kwalo.

Zaidi ya hayo, huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, watu wa mashambani wamekuwa wakisema "she go" na "he say" kwa vizazi na vizazi. Na katika lahaja za kaskazini mwa nchi hiyo na za Uskoti, kitenzi chenye -s kimeruhusiwa tangu zamani kufuata nomino ya wingi: wanasema "the birds sings", lakini ukiweka kiwakilishi inakuwa "they sing". Kwa kanuni hiyo, "the people is" ya jamaa yangu isingemshtua mkulima wa huko. Angemsikiliza hadi mwisho.

Wengine wanaishije?

Kuna fikra iliyojificha nyuma ya kicheko chetu: kwamba anayekosea umoja na wingi wa kitenzi ana akili fupi. Kama ni hivyo, tutaishia kuwaita mataifa mazima wajinga.

Kichina cha Mandarin hakibadilishi kitenzi hata kidogo. Mimi, wewe, wao, kitenzi ni kilekile, na watu hao wanaandika mikataba, wanarusha vyombo angani na wanajenga barabara unazopitia. Kiswidi vilevile: "jag är", "du är", "vi är". Zamani waliandika maumbo ya wingi, wakachoka nayo, wakayaacha katika karne iliyopita. Kiafrikana cha Afrika Kusini ndicho kingemfurahisha jamaa yangu zaidi. Huko wanasema "ek is", "ons is", "hulle is". Yaani "mimi is, sisi is, wao is", na huo ndio usanifu.

Wafaransa nao wanaandika tofauti na kutamka sawa. "Il parle" ni mtu mmoja anayeongea. "Ils parlent" ni wengi. Kwenye karatasi unaiona tofauti, kwenye sikio haipo.

Kiarabu sanifu kina yake, na waliokaa madrasa wanaijua. Kitenzi kikitangulia mtenda, hubaki katika umoja hata kama watendaji ni kumi. Watendaji wakitangulia, ndipo kitenzi huingia wingi. Na vitu vingi visivyo watu, kama vitabu, huchukuliwa kisarufi kama mwanamke mmoja. Ukimwambia mwalimu wa Kiarabu kwamba hilo halina mantiki, atakuuliza kwa upole mantiki ya "you are" iko wapi.

Hakuna lugha iliyoajiriwa kupima akili ya mtu. Kila moja imechagua mahali pa kubebea mzigo wa umoja na wingi.

Sasa turudi nyumbani

Rudi kwenye simu ile. "Fomu zilikuwa tatu. Mbili nimezijaza. Hii moja imenishinda." Sentensi tatu fupi, zimesemwa na mtu anayeamini lugha ilimkataa. Hesabu nami. "Zi-" katika "zilikuwa" inaitikia fomu. "Ni-" katika "nimezijaza" inamwitikia yeye, na "-zi-" ya katikati inazirudia fomu. "Hii" inaitikia ile moja iliyobaki. "I-" katika "imenishinda" inaiitikia tena, na "-ni-" inamrudia yeye. Mara sita amepatanisha, umoja hapa, wingi pale, bila kupumua na bila kukosea. Kiingereza kingemdai mara ngapi? "There were three forms" ina "were" moja. "I have filled two" haina la kukosea sana. "This one has defeated me" ina "this" na "has". Yule aliyebeba gunia sita tunamcheka kwa kuangusha punje moja.

Upatanisho wa Kiswahili si pambo. Unafanya kazi. Kwa Kiingereza, "it broke" haikuambii kilichovunjika ni nini. Kwa Kiswahili, mama akiwa sebuleni akasikia kishindo jikoni, ukimwambia "kimevunjika" anajua huenda ni kikombe. "Imevunjika", labda sahani. "Limevunjika", basi yai, na moyo unatulia. Tena kuna nomino zetu nyingi ambazo hazibadiliki katika wingi: nyumba, simu, samaki, ndizi. Hapo kitenzi ndicho shahidi pekee. "Simu imeibwa" na "simu zimeibwa" ni kesi mbili tofauti ukifika kituo cha polisi kuandikisha.

Pia kuna mahali ambapo Kiswahili chenyewe kimeamua kupumzika. Neno "ni" halijali idadi: mimi ni, wewe ni, wao ni. Na kiambishi cha mazoea, "hu-", hakijali mtu wala idadi: mimi husoma, yeye husoma, wao husoma. Sasa angalia vizuri. "Ni" ndiyo kazi ya "am", "is" na "are". "Hu-" ndiyo kazi ya "she goes to the market every day". Yaani mahali penyewe ambapo Kiingereza kinadai upatanisho wake mdogo, Kiswahili hakidai chochote. Mtu aliyekua akisema "mama huenda sokoni", "akina mama huenda sokoni", akija kusema "mother go to the market", sioni ujinga hapo. Namwona mtu aliyehama nyumba anayepapasa swichi ya taa kwenye ukuta wa nyumba ya zamani.

Makosa mengine tunayochekana kwayo yana maelezo ya namna hiyo hiyo. Kwa nini watu wengi husema "her hair are long"? Kwa sababu nywele zake ni ndefu. "Zake" ni wingi. Kwa nini "the milk have finished"? Kwa sababu maziwa yamekwisha. Kwa nini karibu Kenya nzima husema "my trouser is torn"? Kwa sababu suruali yangu imeraruka, moja. Mwingereza anaona miguu miwili na kusema "trousers are". Sisi tunaona vazi moja. Nani amekosea kuona?

Na sikio letu la upande mmoja

Hapa ndipo ugomvi wangu nawe ulipo, na mimi mwenyewe nimo ndani. "She go" inatushtua kabla haijatoka mdomoni. "Kitabu yangu imepotea" inapita kila siku, nyumbani, kwenye matatu, redioni, na hakuna kichwa kinachogeuka. "Viatu zangu", "kitu ingine", "mti imeanguka". Ukimsahihisha mtu hapo, wewe ndiwe unaonekana mshamba: "Ah, wacha ngeli bana, si umeelewa?"

Si umeelewa. Maneno mazuri sana hayo. Mbona hatukumwambia People Is vivyo hivyo?

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Ziko mbili kwenye sentensi moja. Lakini mioyoni mwetu moja imevaa tai na nyingine imevaa ndara. Kosa katika lugha ya tai ni aibu. Kosa katika ile ya ndara ni ucheshi. Aibu hiyo hatukuianzisha sisi. Wazazi na babu zetu walivalishwa kibao shingoni shuleni kwa kuongea lugha ya mama. Kibao kimeondoka shule nyingi, kicheko kikabaki kikifanya kazi yake.

Sitaki unielewe vibaya. Sisemi Kiswahili cha Nairobi ni takataka. Kina utaratibu wake: watu hubaki na "a-" na "wa-", vitu vinasukumwa kwenye "i-" na "zi-". Ni safari ileile ambayo Kiingereza kilipita kilipopunguza viishio vyake. Na yule anayedai ngeli zimemshinda atakwambia, "Kasimu kangu kameisha chaji, nipatie kacharja kako." Hebu sikiliza! Ka-, ka-, ka-, upatanisho umekaa kama matofali. Hiyo "ka-" pamoja na wingi wake "tu-" tumeizoea kutoka lugha kama Kikuyu na Kikamba, na hakuna mwalimu aliyetuchapa ndipo tukaijua. Kwa hivyo usiniambie kichwa chako hakiwezi ngeli. Kinaziweza tayari. Kilichokosekana ni sababu ya kujali.

Nilijifunza kujali nikiwa kwa shangazi yangu Likoni, likizo moja ya Desemba. Nilikuwa nikihangaika asubuhi nikamuuliza, "Shangazi, kiatu yangu imeenda wapi?" Hakucheka. Hakuita watu. Alijibu tu, taratibu, "Kiatu chako kimo chini ya kitanda, mwanangu. Kilisukumwa na ufagio." Nikakivaa. Nilipofika mlangoni ndipo nilipotambua kwamba amenisahihisha mara tatu na pia amenionyesha kiatu. Tangu siku hiyo sijawahi kusema "kiatu yangu" tena, na sikumbuki kuona aibu.

"Lakini mwajiri hatasubiri somo la historia"

Najua utakachosema. Mwajiri hajali Norfolk wala Kiafrikana. Mtahini wa KCSE akiona "people is" kalamu nyekundu haitauliza. Ni kweli, na sikwambii uiache -s. Ijue. Ni kama sare ya kazi: hata kama huipendi, ukienda bila hiyo unarudishwa getini. Ninachokataa ni kuigeuza sare kuwa kipimo cha mtu.

Tena Kiswahili chako ndicho kitakachokusaidia kuijua. Jaribu hivi. Ukikwama kati ya "is" na "are", "has" na "have", iseme sentensi kwa Kiswahili sanifu kwanza, usikilize kitenzi. "The list of names... lost." Majina mengi yanakuvuta useme "are". Iseme: orodha ya majina imepotea. Umesema "i-", si "ya-". Basi ni "is lost". "One of my friends..." Mmoja wa marafiki zangu ana gari. "Ana", si "wana". Kwa hivyo "has". "Everybody..." Kila mtu anajua. "Knows". "The police..." Polisi wamefika. "Have arrived". Na "people"? Watu wamechoka. "Are tired". Jamaa yangu angefundishwa hilo kwa dakika moja badala ya kupewa jina kwa miaka miwili na ushee.

Mbinu hii ina mahali inapogoma, na ni pachache, kwa hivyo pashike kwa kichwa. Nywele, maziwa, maji: sisi wingi, wao umoja, "hair is", "milk is", "water is". Habari za redio ni "news is", hata kama zina -s mwishoni. "Mathematics is" vilevile. "Information", "furniture", "luggage" na "advice" hazipendi -s kabisa, na zote ni "is". Suruali, mkasi na miwani: sisi umoja, wao wingi, "trousers are", "scissors are", "glasses are". Ukiyaweza hayo, makosa mengi yaliyokuwa yakikusumbua yameisha.

Lakini unaona sharti lake? Mbinu hii inamfaa mwenye Kiswahili kilichosimama. Ukishazoea kusema "majina imepotea" na "orodha imepotea" kwa "i-" ileile, kitenzi chako hakina tena la kukwambia. Unapoiacha ngeli kwa sababu ni ya ndara, unatupa ngazi ambayo ingekufikisha kwenye ile lugha ya tai.

Ukurasa mmoja, Jumapili

Sikumwandikia jamaa ile fomu. Jumapili nilipanda matatu hadi Mlolongo, tukaketi kwenye kibanda cha chai na kalamu mbili. Nikamwambia anieleze kazi yake kwa Kiswahili kama anavyomweleza mteja, na kila sentensi tukaivusha pamoja. "Mageti niliyotengeneza yamesimama." Ya-, wingi, kwa hivyo "have". "Fundi aliyenifundisha anajua kazi yangu." A-, mmoja, kwa hivyo "knows". Alipofika kwenye watu anaofanya kazi nao aliandika "The people", kalamu ikasimama. Akanitazama. Sikusema kitu. Akaandika "are", akaendelea.

Ukurasa ulijaa kabla chai haijapoa. Fomu imetumwa, bado anangoja jibu. Wakipenda watampigia, wasipopenda mageti yapo.

Tulipokuwa tukilipa chai nilimwomba msamaha kwa Ijumaa ile, kisha nikamuuliza kilichonisumbua tangu aliponipigia: hoja zako za basari zilikuwa zipi? Alishangaa kwamba nimeuliza. Lakini alizikumbuka. Zilikuwa tatu. Ya kwanza, kwamba pesa hufika muhula ukiwa umekaribia kwisha, wakati mtoto ameshakaa nyumbani wiki nne. Ya pili, kwamba fomu hudai sahihi za watu wengi mno, na mzazi masikini ndiye asiye na nauli ya kuwafuata. Ya tatu, kwamba orodha ya waliopata haibandikwi mahali watu wanaweza kuisoma. Hoja tatu, zote nzuri, na ziliketi naye chini siku ile kwa sababu ya neno moja la herufi mbili.

Kwa hivyo nakuomba kitu kidogo tu, wewe uliye darasani, kazini, ama kwenye kikundi cha WhatsApp ambako watu wanarushiana makosa ya wenzao. Sahihisha ukitaka, lakini sahihisha kama shangazi yangu: mjibu mtu alichouliza, na jibu lenyewe libebe umbo sahihi. Na sikio hilo hilo kali ulilo nalo kwa "she go", ligeuze mara moja moja usikie na "kitabu yangu", hasa inapotoka mdomoni mwako.

Na siku mwenzako atakaposimama mbele ya watu aseme "the people is tired", jizuie sekunde moja, kisha umuulize: wamechoshwa na nini?